Pfizer mashakani tena hataza za dawa zake kuu zikikaribia kwisha

KAMPUNI ya dawa ya Pfizer, ambayo jina lake lilivuma kila pembe ya dunia wakati wa janga la corona, imeanza kuhesabu siku. Kabla ya mwongo huu kumalizika, haki ya pekee ya kutengeneza na kuuza dawa zake kadhaa zinazoiletea mapato makubwa itakuwa imekwisha. Kampuni yenyewe imekadiria kwamba itapoteza mauzo ya kati ya dola bilioni 17 na bilioni 18 kwa mwaka kwa sababu hiyo.

Kwa wenyehisa wa New York hizo ni habari za kutia baridi. Kwa mgonjwa wa moyo aliye Machakos au Mombasa, huenda zikawa habari njema, ingawa si kwa wepesi ambao wengi hudhania. Kiini cha mambo yote haya ni hati moja iitwayo hataza.

Hataza hutolewa na serikali kwa mvumbuzi, nayo humpa haki ya kuwazuia wengine kutengeneza, kutumia au kuuza uvumbuzi wake kwa muda maalumu. Baadhi ya waandishi huiita hakimiliki, na hapo msomaji hupotoshwa. Hakimiliki humlinda mtunzi wa kitabu au wimbo, na huendelea hata baada ya mtunzi kuzikwa. Hataza hulinda uvumbuzi na ina mwisho wake. Chini ya mkataba wa Shirika la Biashara Duniani (WTO) ulioanza kutekelezwa mwaka 1995, muda huo haupaswi kupungua miaka 20 tangu siku ombi lilipowasilishwa. Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya mwaka 2001 imeweka miaka iyo hiyo.

Katika biashara ya dawa, sehemu kubwa ya miaka hiyo huliwa na maabara. Kampuni huwasilisha ombi mapema, mara wanakemia wake wanapopata kemikali yenye dalili za kutibu. Baadaye hufuata majaribio kwa wanyama, kisha kwa watu wachache, kisha kwa maelfu, na hatimaye mashauriano na wasimamizi wa serikali. Dawa inapofika dukani, mara nyingi miaka kumi hivi imekwisha kupita. Ndiyo sababu kampuni hujitahidi kuchuma kadiri iwezekanavyo katika miaka michache inayosalia.

Siku hataza inapokwisha, kiwanda chochote chaweza kutengeneza dawa hiyo na kuiuza kwa jina la kemikali yake. Dawa za namna hiyo ndizo huitwa jeneriki. Mtengenezaji wake halazimiki kurudia majaribio ya maelfu ya wagonjwa. Anachotakiwa kuthibitisha ni kwamba tembe yake ina kemikali ile ile, kwa kipimo kile kile, na kwamba huingia katika damu kwa kiwango sawa na ile ya asili. Kwa kuwa gharama yake ni ndogo, na kwa kuwa washindani hujitokeza wengi kwa pamoja, bei huporomoka.

Pfizer inayafahamu maporomoko hayo vizuri kuliko kampuni nyingine nyingi, kwa kuwa iliwahi kuanguka kutoka juu kabisa.

Dawa iliyohusika ni Lipitor, ambayo jina lake la kemikali ni atorvastatin. Kazi yake ni kupunguza kolesteroli, yale mafuta ambayo yakizidi katika damu huziba mishipa na kuleta mshtuko wa moyo au kiharusi. Pfizer haikuivumbua. Ilitokana na kazi ya mwanakemia Bruce Roth wa kampuni ya Warner-Lambert, katika maabara ya Ann Arbor, jimbo la Michigan, mnamo 1985. Iliidhinishwa Marekani Desemba 1996. Pfizer ilianza kwa kusaidia kuiuza, ikaona faida ilivyokuwa tamu, na mwaka 2000 ikainunua Warner-Lambert yote kwa karibu dola bilioni 90.

Kufikia 2006 Lipitor ilikuwa ikiuzwa kwa karibu dola bilioni 13 kwa mwaka, zaidi ya robo ya mapato yote ya Pfizer. Hakuna dawa nyingine duniani iliyokuwa imewahi kuuzwa kwa kiasi hicho. Wakuu wa kampuni walijua fika kwamba hataza yake ingekwisha, na walikuwa wametayarisha mrithi: torcetrapib, dawa iliyokusudiwa kuongeza aina ya kolesteroli inayosemekana kulinda moyo. Novemba 30, 2006, mkurugenzi mkuu wa wakati huo, Jeffrey Kindler, aliisifu sana mbele ya wawekezaji.

Siku mbili baadaye jaribio lilisimamishwa. Kati ya wagonjwa wapatao 15,000 walioshiriki, 82 waliokuwa wakimeza torcetrapib pamoja na Lipitor walikuwa wamefariki, ikilinganishwa na 51 waliokuwa wakitumia Lipitor pekee. Takriban dola milioni 800 zilizotumiwa katika utafiti huo zilikwenda na maji.

Yaliyofuata yalikuwa ya kupunguza hasara. Mapema 2007 Pfizer ilitangaza kufunga maabara ile ile ya Ann Arbor ambako Lipitor ilizaliwa. Februari 2011 ikatangaza kuondoka Sandwich, kusini mwa Uingereza, kituo kilichokuwa na wafanyakazi wapatao 2,400 na ambako Viagra iligunduliwa. Msomaji aangalie jambo hilo vizuri: kampuni iliyokosa dawa mpya ilikuwa ikifunga mahali pa kutafutia dawa mpya.

Hataza ya Lipitor ilikwisha Marekani Novemba 30, 2011. Pfizer ilijaribu kila mbinu, ikiwa ni pamoja na kuwapa wagonjwa wenye bima kadi za kuwawezesha kuipata dawa kwa mchango wa dola nne tu kwa mwezi. Haikufua dafu. Mauzo ya Lipitor duniani, yaliyokuwa dola bilioni 9.6 mwaka 2011, yalishuka hadi dola bilioni 3.9 mwaka 2012.

Miongoni mwa waliofaidika kwanza ilikuwa Ranbaxy ya India. Ni haki kutaja pia kwamba Novemba 2012 kampuni hiyo ilirudisha ghalani shehena za atorvastatin yake kutoka maduka ya Marekani baada ya chembe za kioo kupatikana, na mwaka 2013 ikakiri makosa kuhusu dawa duni zilizotoka katika baadhi ya viwanda vyake na kukubali kulipa dola milioni 500. Wanaopinga jeneriki hupenda kuutaja mkasa huo. Wanachosahau ni kwamba watengenezaji wengine wengi waliendelea kuuza dawa iyo hiyo bila taabu, na kwamba leo mamilioni ya watu huimeza kila jioni bila kujua kwamba zamani ilikuwa ghali.

Pfizer haikufa. Ilizoea tiba moja, ambayo ni kununua wengine. Ilikuwa imeinunua Pharmacia mwaka 2003 kwa takriban dola bilioni 60, na Wyeth mwaka 2009 kwa dola bilioni 68. Ununuzi wa Wyeth uliipa chanjo ya Prevnar, inayokinga nimonia na magonjwa mengine, na chanjo hiyo ikawa mojawapo ya nguzo zake. Mwaka 2020 dawa zake kongwe, Lipitor na Viagra zikiwemo, zilihamishiwa kampuni mpya ya Viatris iliyoundwa kwa kuziunganisha na kampuni ya Mylan.

Kisha ikaja corona. Chanjo iliyoundwa kwa ushirikiano na BioNTech ya Ujerumani, pamoja na tembe za Paxlovid, ziliifikisha Pfizer mahali ambapo haikuwahi kufika. Mwaka 2022 mapato yake yalikuwa dola bilioni 100.3, na zaidi ya nusu yalitokana na bidhaa hizo mbili. Mwaka uliofuata yalikuwa dola bilioni 58.5. Bei ya hisa zake, iliyokuwa imefika kilele Desemba 2021, ilikuwa imeshuka hadi chini ya nusu kufikia mwisho wa 2023. Hapo hakuna hataza iliyokwisha. Ni janga lililopungua, na wanunuzi wakaondoka nalo.

Fedha za corona zilitumika kwa namna ya kawaida. Desemba 2023 Pfizer ilikamilisha ununuzi wa Seagen, kampuni ya dawa za saratani, kwa dola bilioni 43. Ilijaribu pia kutengeneza tembe yake ya kupunguza unene, danuglipron, ikaiacha Aprili 2025 baada ya mshiriki mmoja wa majaribio kupata madhara ya ini. Miezi michache baadaye ilishindana na Novo Nordisk ya Denmark kuinunua Metsera, kampuni changa isiyokuwa na dawa yoyote sokoni, na Novemba 2025 ikashinda kwa ahadi ya hadi dola bilioni 10.

Haraka hiyo inaeleweka ukitazama kalenda ya hataza. Ibrance, dawa ya saratani ya matiti iliyouzwa kwa dola bilioni 4.4 mwaka 2024, inatarajiwa kupoteza ulinzi Marekani mwaka 2027. Xtandi, ya saratani ya tezi kibofu, iko katika foleni iyo hiyo. Eliquis, inayozuia damu isigande, ambayo Pfizer humiliki pamoja na Bristol-Myers Squibb, itafunguliwa kwa watengenezaji wa jeneriki nchini humo Aprili 1, 2028. Fauka ya hayo, serikali ya Marekani haikungoja tarehe hiyo. Kupitia sheria ya 2022 ilijadiliana kuhusu bei, na tangu Januari 1, 2026 mpango wa bima ya wazee hulipa dola 231 kwa dozi ya mwezi mmoja ya Eliquis, badala ya bei ya orodha ya dola 521.

Kisa cha Eliquis chaonyesha pia kwamba hataza haina mpaka mmoja wa dunia nzima. Mwaka 2022 mahakama nchini Uingereza iliibatilisha hataza ya dawa hiyo, na mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo mwaka uliofuata, hivyo Waingereza wakapata jeneriki miaka kadhaa kabla ya Wamarekani. Kinyume chake, kampuni ya AbbVie ilizungushia dawa yake ya Humira zaidi ya hataza 100 huko Marekani. Ile ya msingi ilikwisha 2016, lakini washindani hawakuingia soko hilo hadi 2023. Kampuni hutetea mtindo huo kwa jina la ubunifu. Mimi naona ni uzio uliojengwa na mawakili.

Hali ni iyo hiyo kwetu. Hataza kwisha Marekani hakuifungulii dawa mlango wa Nairobi. Kinachoangaliwa ni kama kampuni iliandikisha uvumbuzi wake hapa nchini, ama katika Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya au kupitia shirika la kieneo la ARIPO lenye makao yake Harare, na muda huo umebaki kiasi gani. Majirani zetu Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi, wakiwa katika kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi, wameruhusiwa na WTO kutolinda hataza za dawa hadi Januari 2033. Kenya haimo katika kundi hilo.

Hata hivyo, Bunge lilipopitisha sheria ya 2001, wakati UKIMWI ukiangamiza familia nzima nzima, liliacha milango miwili wazi. Wa kwanza ni kuagiza dawa kutoka nchi ambako imeuzwa kihalali kwa bei nafuu. Wa pili ni serikali kuruhusu dawa itengenezwe bila idhini ya mwenye hataza pale maslahi ya umma yanapohitaji. Milango hiyo ilikaribia kufungwa na Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya 2008, ambayo maelezo yake yangeweza kuzihesabu jeneriki halali kuwa bandia. Wakenya watatu wanaoishi na virusi vya HIV walikwenda Mahakama Kuu, na Aprili 20, 2012 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu husika vilitishia haki yao ya kuishi, ya utu na ya afya.

Lipo suala moja linalopaswa kututia wasiwasi zaidi ya hatima ya wenyehisa wa Pfizer. Lipitor ilikuwa tembe, kemikali ambayo kiwanda chenye wanakemia hodari chaweza kuiiga. Eliquis na Ibrance ni za aina hiyo, na bei zake zina kila sababu ya kufuata mkondo ule ule. Lakini dawa ambazo Pfizer ilizifuata Seagen kwa dola bilioni 43 ni za aina nyingine. Hizi ni kingamwili zilizobebeshwa sumu ya kuua seli za saratani, na kingamwili hizo huzalishwa na seli hai ndani ya matangi, si kwa kuchanganya kemikali. Anayetaka kuziiga huhitaji mtambo wa gharama kubwa, na pengine majaribio mapya kwa wagonjwa, kwa hiyo washindani huwa wachache na bei hupungua polepole. Sheria ile ya Marekani ya 2022 nayo inazipendelea, kwa kuwa bei iliyojadiliwa huanza kutumika miaka tisa baada ya tembe kuidhinishwa, ilhali dawa za seli hai hupewa miaka 13.

Kampuni zinazotafuta mahali pa kuwekeza zimeusoma mwelekeo huo. Wapangaji wa bajeti ya afya nchini, waliozoea kusubiri hataza ife ndipo waagize kutoka India, watakuta kwamba kwa dawa nyingi za saratani za kizazi hiki kusubiri pekee hakutawapa bei ya atorvastatin.