Nyumba Haiuzwi kwa Sahihi Moja

Msimu uliopita wa pamba, baada ya sala ya Ijumaa, mzee mmoja wa hapa Bariadi alinifuata na karatasi mbili mkononi. Alitaka niwe shahidi wa mauziano ya nyumba yake. Mnunuzi alikuwa tayari na fedha zake. Nilipomwuliza mkewe anasemaje, alinitazama kwa mshangao.

"Katibu, kiwanja nilikinunua mimi. Tangu lini mume akamwomba mkewe ruhusa?"

Mkewe alikuwa Maswa, akimwuguza mama yake.

Swali la mzee lastahili jibu la haki, maana ndani yake mna ukweli. Katika fiqhi, mali ya mume ni ya mume na ya mke ni ya mke, wala mafaqihi hawakuifanya ridhaa ya mke kuwa sharti la kusihi kwa mauzo ya mali ya mumewe. Lakini je, nyumba hiyo ni ya mume peke yake? Huku kwetu Simiyu nyumba nyingi hujengwa kidogo kidogo, mwaka huu tofali, mwaka ujao bati, na fedha ya pamba iliyonunua bati hilo ilitoka katika shamba alilolipalilia mke, mtoto akiwa mgongoni. Kisha ipo haki ya makazi. Aya ya 6 ya Suratut-Talaaq imewaamuru waume kuwapa makazi hata wake waliowataliki, wakiwa edani. Seuze aliye bado katika ndoa?

Ama kuhusu kumshauri mke, Mtume (s.a.w.) alipokuwa Hudaybiyya alimsikiliza mkewe Ummu Salama (r.a.) katika jambo lililowahusu Waislamu wote, akautenda ushauri wake. Sijapata kusikia kwamba heshima yake ilipungua.

Sheria ya nchi, kwa upande wake, haikuliacha jambo hili kwenye hiari. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa, kuitoa zawadi, kuipangisha au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, hata kama nyumba ni mali yake peke yake. Wake wenye nyumba zao nao wanafungwa na kifungu hicho hicho. Akikiuka mmoja, mwenzake hubaki na haki ya kuendelea kuishi humo, isipokuwa mnunuzi athibitishe kwamba hakujua, wala asingeweza kujua hata kwa uchunguzi wa kutosha. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inamtaka mnunuzi aulize kama mwenzi ameridhia. Aliyeingia kukagua nyumba, akaziona kanga kambani na sufuria jikoni, kisha akanyamaza, atajitetea kwa lipi?

Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilizitambua kazi za nyumbani za mke kuwa mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Wanaolitaja shauri hilo husahau mwisho wake: Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa kuwa mumewe alikwisha kumpa fedha za kujenga nyumba, naye akazitumia ovyo.

Mke mwenye wasiwasi, ikiwa nyumba ina hati iliyosajiliwa, anaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Viwanja vyetu vingi havijapimwa. Huko, na amwarifu mapema mwenyekiti wa mtaa, kwa maandishi, mbele ya mashahidi.

Mzee wangu alizikunja karatasi zake, akaondoka bila kuniaga. Wiki ya tatu alirudi, safari hii pamoja na mkewe. Mama yule hakukataa kuuza. Aliuliza tu watoto watalala wapi, akataka kiwanja kidogo kinunuliwe kwanza na jina lake liandikwe humo pia. Mzee alikubali. Mama akaweka dole gumba, mzee akatia sahihi, nami nikatia yangu chini yao.