Nambari Moja ni Ahadi

Wazee walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii yathibiti hata katika mchezo wa kigeni uitwao jiokeshi, ambao kwa hakika ni kibe cha watu wazima.

Ulianzia Marekani mwezi wa Mei 2000, mara tu serikali ya huko ilipoacha kuzivuruga kusudi ishara za setilaiti zitumiwazo na raia. Tarehe 3, Dave Ulmer alificha ndoo mwituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akawatangazia watu mahali ilipo. Leo vijisanduku vya namna hiyo vimetapakaa duniani. Mtafutaji huongozwa na chombo cha kupokea ishara, akikipata huandika jina lake daftarini, kisha hukirudisha pale pale.

Aliyekificha hukipa madaraja mawili, kuanzia 1 hadi 5, kwa nusu nusu. Moja lapima ugumu wa kukigundua, na la pili ugumu wa njia. Njia ya 5 yataka mashua au kamba za kupandia majabali. Njia ya 1 ni ya mtu aliye katika kiti cha magurudumu: iwe imara, isizidi nusu maili, na sanduku lifikiwe na mkono wa mtu aliyekaa. Isipokuwa hivyo, haistahili 1. Na ianzie 1½.

Utata upo hapo. Mkadiriaji mara nyingi ni mtu wa miguu miwili. Aruka ukingo wa barabara asiuone. Akanyaga changarawe asihisi kitu. Sheria za ujenzi za Marekani zataka mteremko wa kiti cha magurudumu uwe na inchi 12 za mwendo kwa kila inchi 1 ya kupanda. Je, jicho la mzima litaitambua 12 na 8? Tena huenda njia ikawa safi kabisa, kumbe sanduku limetundikwa tawini!

Wako wasemao, huu ni mchezo tu. Mimi sikubali. Mtu amesafiri, ameshushwa na kiti chake, amejisukuma juani, kisha akute ngazi tatu! Nambari ile ilikuwa ahadi, na ahadi ni deni.

Wala kuzidisha daraja kwa kumhurumia si wema, maana ni kumfungia mlango ambao angeweza kuupita. Tuliosoma chuoni twaijua Sura ya Abasa na kisa cha kipofu Abdullahi bin Ummi Maktum, aliyemwendea Mtume (S.A.W.). Hakwenda kuomba sadaka. Alikwenda kutaka elimu, kama mtu yeyote.

Basi mwenye kuficha na afuatane na mwenye kiti, njia nzima, kabla ya kuandika 1. Na aeleze wazi: mchanga upo, ngazi ni ngapi, sanduku li kimo gani. Akishaambiwa kweli, mwenye kiti atachagua mwenyewe kwenda au kutokwenda.