MATABISHI SI MSHAHARA
Funzo kutoka kwa wagawa karata wa kasino



Huku Bugarama, kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, riziki yetu hutoka katika michikichi, katika vinu vya mawese na katika nyavu za ndagala. Kugawa karata usiku kucha mbele ya matajiri ni kazi ya mbali nasi. Hata hivyo swali linalowasumbua wagawa karata ndilo linalotusumbua sisi: anayefanya kazi alipwe na nani, na fedha inayopita mkononi mwake ni ya nani?

KAZI YENYEWE

Kasino ni nyumba ya kuchezea kamari kwa idhini ya serikali. Zipo Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Kenya ilitunga sheria ya michezo hiyo mwaka 1966, na Tanzania ikatunga ya kwake mwaka 2003. Mmoja wa michezo hiyo ni poka. Katika poka wachezaji hushindana wao kwa wao, na mwenye nyumba hukata fungu lake katika fedha iliyowekwa mezani. Anayemkatia fungu hilo ni mgawa karata.

Yeye huchanganya karata, huzigawa, huhesabu fedha, huamua ugomvi na kumkabidhi mshindi mali yake. Hukaa meza moja kwa muda wa nusu saa hivi, kisha huhamishiwa nyingine. Kamera humtazama kutoka juu. Aliyeshindwa humtukana, kana kwamba ndiye aliyeichagua karata mbaya. Mgongo humuuma, na mikono hufanya mwendo ule ule mpaka alfajiri.

Tena kuna moshi. Katika jimbo la Nevada, Marekani, sheria ya mwaka 2006 ilikataza sigara katika sehemu nyingi za kazi, lakini kumbi za kasino zikaachwa nje. Mwaka 2009 wataalamu wa serikali ya Marekani wa afya kazini walitoa ripoti juu ya wagawa karata wa Las Vegas wasiovuta sigara. Walikuta kwamba sumu ya tumbaku katika mkojo wao huongezeka kati ya kuanza zamu na kumaliza. Moshi ni wa mteja, kifua ni cha mfanyakazi.

MSHAHARA MDOGO

Mshindi wa poka humwachia mgawa karata kitu kidogo. Sisi tunaita matabishi. Wenzetu wa Tanzania husema bakshishi. Usiku mmoja huja nyingi, usiku mwingine meza ni tupu.

Hapo mwajiri hupata ujanja. Sheria ya taifa ya Marekani imeweka mshahara wa chini wa dola 7.25 kwa saa tangu mwaka 2009. Lakini kwa mtu anayepokea matabishi, mwajiri huruhusiwa kutoa dola 2.13 tu, kiwango kisichobadilika tangu mwaka 1991. Matabishi ndiyo hujaza pengo. Yasipofika, mwajiri anatakiwa aongeze. Majimbo mengine, kama Nevada, yamekataa hesabu hiyo, na mwajiri hulipa kima kamili cha jimbo.

Fikirini maana yake, ndugu zangu. Mteja anadhani amempa mgawa karata zawadi, kumbe amempunguzia tajiri mzigo wa mshahara. Na usiku biashara inapolala, hasara ya mwenye mali huingia mfukoni mwa mfanyakazi.

Australia wameshika njia nyingine. Huko mgawa karata haruhusiwi kupokea matabishi, kwa hiyo mshahara wake hauna budi kuwa kamili, na chama cha wafanyakazi hukaa mezani na mwajiri kuujadili.

NANI ANA UFUNGUO WA SANDUKU?

Mwaka 2006 kasino ya Wynn Las Vegas iliamua kwamba wasimamizi nao wapate fungu katika matabishi ya wagawa karata. Mwajiri alitaka wasimamizi wapate zaidi, lakini nyongeza ile ikatoka katika sanduku la walio chini yao. Wagawa karata hawakunyamaza. Mwaka 2007 walipiga kura, na kwa wingi mkubwa wakajiunga na chama cha wafanyakazi wa usafirishaji, TWU. Mkataba wao wa kwanza ulipatikana mwaka 2010. Mwaka 2013 mahakama kuu ya Nevada ilimpa haki mwajiri. Lakini mwaka 2018 bunge la Marekani lilibadili sheria ya taifa: mwajiri, meneja au msimamizi asishike matabishi ya mfanyakazi.

Miaka kumi na miwili kutoka uamuzi ule mpaka sheria ile! Haba na haba hujaza kibaba.

Na nchi nyingine zimefika huko. Ufaransa ina sheria ya matabishi tangu mwaka 1933. Uingereza, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mwajiri analazimika kuwagawia wafanyakazi matabishi yote bila kukata. Mkataba namba 172 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1991, unaohusu hoteli na mikahawa, unasema wazi kwamba mfanyakazi lazima alipwe mshahara wa msingi kwa vipindi maalumu, awe amepata matabishi au hakupata.

NA SISI JE?

Nchini Burundi, amri ya mwaka 1988 iliweka mshahara wa chini wa franka 160 kwa siku katika Bujumbura na Gitega, na franka 105 kwingineko. Kiasi hicho leo hakimshibishi hata mtoto mmoja. Sakafu ikiwa chini namna hiyo, kila kitu kidogo huanza kuitwa malipo. Mkata mikungu akipewa chupa ya mawese, mvuvi akipewa samaki wa kitoweo, mpakiaji akipewa noti na dereva wa lori, huambiwa: "Si umekwisha kupata?"

Basi tushike mambo matatu. Kwanza, mshahara utajwe kwa franka, uandikwe kabla ya kazi kuanza, na zawadi isihesabiwe ndani yake. Pili, panapogawanywa fungu, la samaki au la fedha, hesabu ifanyike mbele ya wote waliotoka jasho. Tatu, msimamizi alipwe na aliyemwajiri, asile katika sahani ya wale anaowasimamia.

Zawadi tutaipokea kwa mikono miwili na kusema asante. Mshahara hatuuombi, tumekwisha kuulipia kwa jasho.