Kinga ya Mwili na Kipindupindu: Funzo la Kagunga

Mwezi Mei 2015, maelfu ya watu waliokimbia machafuko ya kisiasa nchini Burundi walikusanyika Kagunga, kijiji kidogo cha Mkoa wa Kigoma kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Vyoo vilikuwa vichache mno, na wengi walikunywa maji ya ziwa. Kipindupindu kikazuka. Meli ya MV Liemba ilisaidia kuwachukua wakimbizi hadi mjini Kigoma, na kutoka huko wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Hata hivyo, katika mwezi huo wagonjwa walifikia takriban 3,000, na watu wapatao 30 walifariki.

Mwili wa binadamu hupambana na vijidudu kila siku na kuvishinda. Kwa nini basi ushindwe na kijidudu hiki kwa muda wa saa chache tu?

Ulinzi wa mwili umepangwa kwa ngazi tatu. Ya kwanza ni vizuizi: ngozi, ute, na tindikali ya tumbo, ambayo huua sehemu kubwa ya vijidudu vya kipindupindu vinavyomezwa. Ya pili ni chembe nyeupe za damu zinazomeza kijidudu chochote kigeni kilichopenya. Ya tatu ni chembe nyeupe ziitwazo limfosaiti. Kila limfosaiti hutambua umbo moja tu. Ile inayolingana na adui huanza kuzaana, na baadhi ya wazao wake hutengeneza kingamwili, yaani protini zinazonasa kijidudu au sumu yake. Wazao wengine hubaki kwa miaka mingi wakiwa kumbukumbu ya adui huyo.

Kipindupindu huushinda ulinzi huo kwa njia mbili. Kwanza, kijidudu chake hakipenyi ndani ya mwili. Hujishikiza juu ya ukuta wa utumbo mwembamba na kutoa sumu, nayo huzilazimisha seli za ukuta huo kumwaga maji na chumvi. Kwa hiyo chembe zinazolinda damu hazikutani naye ana kwa ana. Pili ni suala la muda. Limfosaiti huhitaji siku kadhaa kuzaana na kutoa kingamwili za kutosha, ilhali mgonjwa aliyezidiwa aweza kupoteza hata lita 1 ya maji kwa saa.

Hapo ndipo maji ya chumvi na sukari yanapookoa maisha. Sumu haiharibu mlango wa seli unaopitisha sukari na chumvi kwa pamoja, na vitu hivyo viingiapo huvuta maji. Dawa hii haiui kijidudu. Humpa mgonjwa muda ili kinga yake ijifunze. Aliyezidiwa hutiwa maji kwa mshipa.

Chanjo hutanguliza somo hilo kabla ya adui kufika. Chanjo ya zamani ya sindano ilitoa kinga hafifu ya muda mfupi, na mwaka 1973 Shirika la Afya Duniani liliondoa sharti la wasafiri kuwa na cheti chake. Chanjo ya siku hizi hunywewa. Ina vijidudu vilivyouawa, ambavyo huzifundisha limfosaiti zilizomo katika ukuta wa utumbo kutoa kingamwili na kuzimimina ndani ya ute, mahali hasa adui anapotua. Chanjo hiyo ilitolewa Nyarugusu mwezi Juni 2015.

Hata hivyo, chanjo haimkingi kila aliyeinywa, na kinga yake hupungua kadiri miaka inavyopita. Kwa hiyo mkazi wa Ujiji au Kibirizi anayechemsha maji ya ziwa na kutumia choo hafanyi jambo lililo nje ya elimu ya kinga. Huongeza ngazi moja ya ulinzi mbele ya zile tatu, nayo ni ngazi ambayo haihitaji siku kadhaa za kujifunza.