Fahamu: Kwa nini sikukuu za Masasi na Newala hutegemea korosho

Desemba huku Mtwara ni mwezi wa minada, na fedha ya korosho ndiyo hugharimia sikukuu. Mkulima huokota korosho zilizoanguka, huzitenga na mabibo (matunda yake), huzianika, kisha huzipeleka AMCOS, chama cha msingi cha ushirika. Mzigo huingia ghalani, halafu chama kikuu cha ushirika, MAMCU kwa Masasi au TANECU kwa Newala, huupeleka mnadani. Ndio mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kwa korosho 2007. Mwaka 2018 wanunuzi walipogomea bei, serikali iliamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Korosho nyingi huuzwa ghafi na kubanguliwa India na Vietnam, hasara tuliyoizoea mno. Mabibo je? Hukamuliwa, maji yake yakachachuka kuwa uraka: mtamu, lakini mgeni asiuzoee haraka.