Injini ya Jeti ya Kujiundia: Kwa Nini Gramu Moja Huamua Usalama wa Karakana

Na Mwandishi Wetu, Arusha

Jiji la Arusha lina magari mengi ya utalii na malori yanayopita kati ya Namanga, Moshi na Dodoma, na kwa sababu hiyo karakana za Unga Limited na Themi hazikosi tabo kuukuu, yaani kile kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini ya dizeli kwa nguvu ya moshi wa injini hiyohiyo. Fundi anayekifungua na kukitazama kwa makini huona kwamba ndani yake mna karibu kila kiungo cha injini ya jeti: gurudumu la kubana hewa upande mmoja, gurudumu la turbini upande wa pili, na shafti inayoyaunganisha. Kinachokosekana ni chumba cha mwako.

Kijana mwenye tabo hiyo, mashine ya kukereza na simu yenye intaneti hahitaji muda mrefu kushawishika kujaribu. Wazo lenyewe si la ajabu. Mwingereza Frank Whittle aliomba hataza ya injini ya jeti mwaka 1930 na kuwasha ya kwanza mwezi Aprili 1937. Nchini Ujerumani, ndege ya Heinkel He 178 iliruka Agosti 27, 1939 kwa injini ya Hans von Ohain. Nusu karne baadaye, Mjerumani Kurt Schreckling alionesha kuwa injini ndogo ya ndege za mfano yaweza kutengenezwa nyumbani. Hapa nchini, wananchi wengi hutumia umeme wa turbini bila kujua: mitambo ya kituo cha Kinyerezi I jijini Dar es Salaam inayotumia gesi asilia ni ya ukoo mmoja na injini za ndege kubwa za abiria. Arusha nayo imewahi kuangalia juu. Mwaka 2016 mhandisi wa Chuo cha Ufundi Arusha (ATC) alivuta macho ya nchi kwa mradi wake wa kuunda helikopta ndogo.

Ugumu wa kazi hii hauonekani katika video fupi za mtandaoni. Upo katika hesabu.

Gurudumu la kubana hewa lenye kipenyo cha milimita 66, kipimo kilichozoeleka katika injini hizi ndogo, huweza kuzunguka mara 110,000 kwa dakika. Katika mwendo huo ncha zake hukata hewa kwa takribani mita 380 kwa sekunde, ambayo ni kasi kuliko ya sauti. Ikiwa upande mmoja wa gurudumu umezidi mwingine kwa gramu moja tu, milimita 30 kutoka katikati, gramu hiyo huivuta shafti kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 400 hivi, na mvuto huo huzunguka pande zote zaidi ya mara 1,800 katika kila sekunde. Hata sehemu ya mia ya gramu, ambayo mizani ya dukani haiwezi kuitambua, huvuta kwa uzito wa kilo nne. Beringi haziwezi kustahimili hali hiyo kwa muda mrefu, na zikishakufa gurudumu hugusa gamba lake likiwa katika mwendo huohuo.

Kwa sababu hiyo, sehemu inayompambanua fundi ni shafti na makazi ya beringi. Uchomeleaji wa chumba cha mwako, ambao ndio huonekana zaidi kwa macho, ni kazi ambayo mafundi wengi wa Arusha wanaimudu. Shafti hukerezwa ikiwa imeshikwa kati ya ncha mbili, na viti vyake vyote hukamilishwa bila kuifungua, kwa kuwa kila inapofunguliwa na kufungwa upya kitovu chake huhama kidogo. Kosa linaloruhusiwa hapo huhesabiwa kwa maikroni, yaani sehemu za elfu za milimita. Unywele wa binadamu una unene wa maikroni 70 hivi. Mashine ya kukereza iliyochoka inaweza kutoa shafti nzuri ya pampu ya maji na bado isifae kabisa kwa kazi hii, na hilo si jambo la kumwonea fundi aibu. Inampasa kujua mashine yake inayumba kiasi gani kabla ya kuanza, si baada ya kuharibu chuma.

Hata saa ya kupima ina uzito wake. Kipande cha aluminiamu chenye urefu wa milimita 100 hurefuka kwa takribani maikroni 35 joto linapopanda kwa nyuzi 15. Asubuhi ya Julai, ukungu wa Mlima Meru ukiwa bado juu ya mji, na alasiri ya siku hiyohiyo jua likiwa limepiga bati la karakana, kipande kimoja hutoa vipimo viwili tofauti. Kwa desturi ya kimataifa vipimo vya urefu hurejewa katika nyuzi joto 20, na maikromita yenyewe huhitaji kuhakikiwa mara kwa mara. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) lina maabara ya ugezi kwa ajili hiyo.

Upande wa moto una masharti yake. Gurudumu la turbini la milimita 66 likipata joto la nyuzi 600 zaidi ya pale lilipopimwa, kipenyo chake huongezeka kwa takribani nusu milimita. Gamba linalolizunguka nalo hupanuka, lakini si kwa kiasi kilekile wala kwa wakati mmoja. Fundi akiacha nafasi ndogo mno, mapanga yatasugua. Akiacha kubwa mno, gesi itapita pembeni na injini itakunywa mafuta bila kujizungusha yenyewe. Magurudumu ya tabo husubuwa kwa aloi ya nikeli kwa sababu chuma cha kawaida kikiiva hupoteza nguvu, na mapanga yake hurefuka polepole hadi kukatika.

Mwinuko wa Arusha nao huingia katika hesabu. Jiji liko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa asilimia 13 hivi kuliko pwani. Katika kilele cha Meru, mita 4,566, upungufu huo unazidi theluthi moja. Injini inayozunguka kwa mwendo uleule hutoa msukumo mdogo zaidi Arusha kuliko Tanga. Mtu asiyelijua hili huongeza mafuta ili apate msukumo aliousoma katika michoro ya Ulaya, na kumbe anachoongeza ni joto na mizunguko kupita kipimo cha gurudumu.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni kupasuka kwa gurudumu. Tabo inapotoka kiwandani, gamba lake nene la chuma limesanifiwa kuzuia vipande visitoke endapo gurudumu litavunjika. Anayeitumia tabo nzima, akaiongezea chumba cha mwako nje, bado ana kinga hiyo. Anayelitoa gurudumu na kulifunga ndani ya bati jembamba ameiondoa kinga hiyo kwa mikono yake, na vipande vikiruka hupita katika mstari wa mzunguko wa gurudumu kama risasi. Majaribio ya aina zote mbili hufanyika mbali na makazi, injini ikiwa imefungwa imara, kukiwa na ukuta wa kinga, valvu ya kukata mafuta inayofikiwa kutoka nyuma ya ukuta huo, na kizimamoto cha kaboni dayoksaidi. Hakuna mtu anayepaswa kusimama ubavuni mwa injini, kwenye mstari wa magurudumu. Mafuta ya taa yaliyotuama ndani baada ya kuwasha kushindikana humwagwa kwanza kabla ya kujaribu tena. Yakiachwa, jaribio linalofuata hutoa mwali mrefu nyuma. Moto ukizidi uwezo wa walio karibu, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Kwa upande wa sheria, karakana yenye wafanyakazi inabanwa na Sheria Na. 5 ya mwaka 2003 ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, inayosimamiwa na OSHA, hata kama injini haitaondoka mezani. Siku injini hiyo itakapofungwa kwenye chombo cha kuruka, kiwe na rubani au kisiwe naye, mhusika anapaswa kupata kwanza idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Anga la eneo hili halina nafasi ya kubahatisha: ndege za watalii huruka kutoka Uwanja wa Arusha ulioko Kisongo kwenda Serengeti, na upande wa mashariki upo Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro.

Mwenye mchoro mkononi hana haja ya kwenda mbali kutafuta ushauri. Taasisi ya Uhandisi na Usanifu wa Mitambo (TEMDO), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980 na ambayo miongoni mwa kazi zake ni vifaa vya hospitali na viteketezi vya taka, ipo Arusha. ATC ina karakana na wahadhiri wa uhandisi mitambo. Na SIDO huhudumia wajasiriamali wadogo wa mkoa. Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) hushughulika na wabunifu kitaifa. Atakayeona kuwa amegundua jambo jipya, iwe namna ya kushika beringi au ya kupuliza mafuta, anashauriwa kupeleka maombi ya hataza BRELA kabla ya kuonesha kazi yake hadharani, kwa kuwa upya wa ubunifu ni moja ya mambo ya kwanza yanayochunguzwa.