Zebaki ya dhahabu inavyoingia mitini Geita, Shinyanga

Na Mwandishi Wetu

MVUKE wa zebaki unaotoka wakati wa kuchoma dhahabu katika machimbo madogo ya mikoa ya Geita na Shinyanga haupotelei angani wote. Sehemu yake huingia ndani ya majani ya miti na mboga zilizo jirani.

Wachimbaji wadogo husaga mawe kwa karasha, huosha unga wake, kisha huuchanganya na zebaki ili ishikane na dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa. Zebaki, ambayo huchemka katika nyuzijoto 357 za Selsiasi, hupaa na kuacha dhahabu.

Mti hauna uwezo wa kukataa kila sumu. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl mwaka 1986, miti ilifyonza kwa mizizi sesiamu yenye mionzi, kwa kuwa kikemia inafanana na potasiamu, kirutubisho ambacho mti hukihitaji. Sesiamu hiyo ilipanda pamoja na maji hadi kwenye shina na majani.

Zebaki hufuata njia tofauti. Ile iliyomo kwenye udongo huishia zaidi katika mizizi. Mlango wake mkuu ni vitundu vya majani ambavyo mti hupumulia. Ikishaingia, nyingi hubaki humo na kuongezeka kadiri jani linavyokomaa. Kiasi kidogo hushuka kwenye shina kupitia mirija ya chakula.

Miombo inapopukutisha majani wakati wa kiangazi, zebaki hiyo hurudi ardhini. Mvua huisomba hadi mitoni, na katika matope yasiyo na hewa bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki. Hiyo hujilimbikiza katika samaki na huweza kuharibu ubongo, hasa wa mtoto aliye tumboni. Kuni za miti hiyo nazo zikiwashwa, zebaki hupaa tena.

Kwa mlaji, kuosha kisamvu au mchicha huondoa vumbi, lakini hakuondoi zebaki iliyokwisha kuingia ndani ya jani. Kinga ni kutopanda mboga karibu na mahali pa kuchomea, na kuchomea katika chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Mkataba huo unazitaka nchi zenye uchimbaji mdogo kuchukua hatua za kukomesha uchomaji wa wazi na uchomaji katika makazi ya watu.